Mwenyekiti Aliyetukataza Kuchimba

Siku ile Mwenyekiti alipotuambia tuweke majembe chini, tuliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, Mama Mghoi. Mkamburi, mke wa kaka ya mume wangu, ambaye tulimwita Mama Wawuda. Wakesho, binti ya shangazi yangu, mwenye sauti ya kuita mvua. Malemba na dada yake Saru, walioolewa boma moja na kugombana kila wiki. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliyekuja kutazama tu maana magoti yake yalikuwa yamekataa kazi. Na Mzee Mwakio, mume wa Mwenyekiti, mwanamume pekee, aliyetuletea sufuria ya pure ya mahindi na maharagwe. Walikuwepo na wengine, na majina yao ninayo, lakini hawa wanatosha.

Jina la Mwenyekiti nalijua kama la mama yangu. Sitaliandika. Wajukuu wake wako Voi na sijawaomba ruhusa. Na hata hivyo, baada ya kuchaguliwa hakuna aliyemwita kwa jina tena, hata mumewe. Ukipita kwao jioni ungesikia, "Mwenyekiti, chumvi umeificha wapi?" Naye anajibu, "Kwani mimi ndiye niliyepika jana?" Na kweli, si yeye aliyepika.

Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nitaandika kama ninavyoongea.

Kijiji chetu kiko chini ya mlima wa Kasigau. Miaka ile ya sabini maji yalikuwa mahali pawili. Juu kabisa, msituni, kuna kijito ambacho hakijawahi kukauka, lakini njia yake ni ya mbuzi, na mtu akipanda na debe tupu anarudi na debe nusu. Chini bondeni kulikuwa na silanga, lile bwawa la kuchimbwa la kunyweshea ng'ombe. Masika silanga haina neno. Kiangazi kikikaza, ndovu wa Tsavo wanaijua kama sisi tunavyoijua.

Wawuda, binti ya Mkamburi, walimkuta pale na debe kichwani. Hawakumgusa. Alikimbia mwenyewe akaanguka korongoni, nyonga ikavunjika, na mpaka leo anatembea na fimbo. Baada ya hapo wasichana wa rika lake wakaolewa, zamu ya silanga ikawashukia wadogo zao. Nyumbani kwangu aliyefuata alikuwa Mghoi. Baba yake alikuwa kazini Voi, kwa reli, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na shamba, na ng'ombe, na mama mkwe wa kuoshwa. Katika dunia hii nilikuwa nataka kitu kimoja tu: maji yafike kijijini kwa paipu kabla kiangazi hakijamkuta mwanangu silanga.

Kikundi cha akina mama kilikuwa kinachimba mtaro wa paipu hiyo kila Alhamisi. Tulianzia kijijini, karibu na kanisa, maana udongo wa pale ni laini na kila anayepita anatuona. Mvua zikija zinafukia. Zikikatika, tunafukua. Naibu wa chifu akileta mgeni, tunaimba na kuchimba, mgeni anapiga makofi, anasema akina mama wa Kasigau ni mfano. Mikono ilikuwa na malengelenge juu ya malengelenge. Nani angethubutu kusema hatufanyi kazi?

Mwenyekiti wa kwanza alihamia Voi kumfuata mumewe. Huyu wa pili tulimchagua kwa sababu siku ya mkutano hakuja. Waliokuja walikataa wote.

Alhamisi yake ya kwanza alifika bila jembe. Akatafuta jiwe, akaketi, akatoa kikopo chake cha ugoro, akatutazama. Tangu asubuhi mpaka pure ikaja, anatutazama tu. Malemba akashindwa kunyamaza.

"Mwenyekiti, kweli tulikupa kiti, lakini hatukusema ukikalie siku nzima."

Mwenyekiti akapiga chafya, akafuta pua. "Kuleni kwanza."

Tulipomaliza kula akasema, "Wekeni majembe chini. Maji yako wapi?"

Wakesho akaonyesha mlima kwa kidevu. "Si huko juu. Kwani umesahau?"

"Na nyinyi mko wapi?"

"Tuko hapa, tunayangojea."

"Mnangojea na jasho lote hilo? Mwenye kungojea huketi, kama mimi."

Wengine walicheka. Mkamburi hakucheka. Mkamburi alikuwa hajacheka tangu nyonga ya mtoto wake. Aliuliza, "Unataka nini, mama? Sema."

Akasema anataka twende juu, pale kijito kinapotokea msituni. Pale kuna mwamba. Upande mmoja ni genge, upande mwingine ni jabali lililosimama kama ukuta, na paipu haina pengine pa kupita ila katikati ya mwamba ule. Kila mmoja wetu alikuwa anaujua. Tulikuwa tumeuacha uwe wa mwisho, tukisema tukifika tutaona.

"Tukiushinda ule," akasema Mwenyekiti, "huku chini ni kazi ya siku chache, hata Mwakio ataichimba na sufuria yake. Tukishindwa, huu mtaro wenu ni kaburi. Semeni tu nani anazikwa."

Neno hilo lilituudhi sana. Saru alilia kweli, maana alikuwa amechimba akiwa na mimba, na sasa anaambiwa alikuwa anachimba kaburi. Mwenyekiti hakumbembeleza. Ulimi wake ulikuwa hivyo. Alikuwa akiona jambo, analisema, na aliyesimama mbele yake shauri yake.

Wacha niseme zaidi alivyokuwa, maana watu siku hizi wanamsifu kama mtakatifu, na hakuwa mtakatifu.

Hakuweza kuona mtu akifagia uwanja wakati wa upepo. Alisimama kwa mama mkwe wangu siku moja akasema, "Dada, vumbi hilo unalipeleka kwa Mkamburi, na Mkamburi atakurudishia kesho. Mbona msikubaliane likae?" Mama mkwe wangu alikasirika mpaka jioni, lakini kesho yake hakufagia.

Kwenye mikutano alikataza kusuka vikapu. Hapa kwetu mwanamke hakai mikono mitupu, akiketi tu anatoa mkonge wake anasuka, hata kanisani nyuma kule. Yeye alisema mikono ikisuka masikio yanasinzia. "Unasuka, unaitikia ndiyo, ndiyo, halafu ukifika nyumbani unauliza jirani tulikubaliana nini." Tulimwita mvivu kwa hilo. Mwanamke asiyesuka! Yeye mwenyewe alikuwa na kikapu kimoja alichokianza akiwa msichana, cha rangi ya zambarau, na hakikuwahi kumalizwa mdomo. Ukimtania anasema, "Kile si kazi, kile ni mapenzi."

Nyumba yake ilivuja. Watoto wake walikwenda shule na vifungo vilivyong'olewa kwenye shati la baba yao. Harusi ikitangazwa hata Buguta, anakwenda siku mbili kabla na anarudi siku mbili baada, na sauti hana. Pale kwenye mashine ya kusaga posho alikuwa anaweza kupiga domo mpaka unga wake unapoa. Sasa mtu kama huyo akikwambia wewe unapoteza wakati, unajisikia vipi?

Na bado. Alipokufa mama mkwe wangu, nyumba ilijaa wanawake wanakimbia. Huyu na kuni, huyu na maji, huyu anahamisha sufuria ambayo mwenzake ameiweka sasa hivi. Walikimbia hivyo mpaka wakagongana. Yeye alikuja akaketi kwenye mkeka ubavuni pangu, akakaa. Hakusema pole, hakusema Mungu ndiye anayejua. Kila mara mtu alipoingia kuniuliza chumvi iko wapi, majani ya chai yako wapi, yeye alimtazama tu, na mtu akatoka. Watu walimsema kwamba matanga mazima hakuinua hata kikombe. Na kweli hakuinua, ila cha kwake, na alikuwa wa kwanza kupakuliwa chakula. Lakini mimi ndiye niliyelala usingizi siku ile, na nililala begani pake.

Basi turudi kwenye mwamba.

Kikundi kilipasuka kabla mwamba haujapasuka. Nusu walipanda naye mlimani, nusu walibaki chini na Wakesho. Wakesho alisema wazi mbele ya watu wote, "Mimi siendi kugonga jiwe mahali ambapo hata Mungu hanioni kwa ukungu. Mgeni akija atamkuta nani hapa?"

"Mgeni ndiye atakayekunywa maji?" akauliza Mwenyekiti.

"Mgeni ndiye mwenye paipu, mama! Wewe utapitisha maji kwenye nini, kwenye leso?"

Tukaachana hapo kwa hasira. Mimi nilipanda. Sikupanda kwa kumpenda. Nilipanda kwa sababu niliutazama mtaro wa chini, nikamtazama Mghoi jinsi anavyorefuka, nikaona mtaro umesimama palepale na mtoto hasimami.

Njia yake ya kupasua mwamba ilikuwa ya wazee. Unapanga kuni kavu juu ya jiwe, unawasha, unalisha moto huo tangu asubuhi mpaka jiwe linabadilika rangi. Halafu wote, kwa pamoja, kila mtu na debe lake la maji baridi ya kijito, mnamwaga mara moja. Jiwe likipata mshtuko huo hupasuka. Lakini lazima iwe pamoja. Mkimwaga mmojammoja linatoa mvuke tu, linapoa, na kuni za siku nzima zimekwenda bure. Tulibeba kuni mpaka shingo zikaingia mabegani. Wiki ya kwanza, mvuke. Ya pili, mvuke na kipande cha kujaza kiganja. Kule chini tukisikia Wakesho na wenzake wanaimba, tunajiona wajinga.

Na hapa lazima niwe mkweli kwa Wakesho pia. Mgeni mkubwa alikuja kweli. Sisi tulikuwa juu, Mwenyekiti alikataa tushuke. Wakesho alimwimbia mgeni yule wimbo wenye jina la mama ya huyo mgeni ndani, sijui alilipata wapi, na yule bwana akatoa machozi. Haukupita mwezi, paipu zikashushwa Maungu kwa lori, na vijana wakazileta kwa mkokoteni wa ng'ombe maana barabara ilikuwa imeliwa na mvua.

Mwenyekiti alishuka kuziangalia. Akazigonga kwa fimbo, moja moja, kama anayetafuta bandia. Wakesho alikuwa amesimama hapo, mikono kiunoni.

"Haya, Mwenyekiti. Kuimba ni kazi ama si kazi?"

Mwenyekiti aliishusha fimbo. "Wimbo huu mmoja ulikuwa kazi," akasema. "Zile nyingine zote, sijui."

"Ule mmoja ungeujuaje, kama nisingeimba zote?"

Mwenyekiti akageuka. Alirudi mlimani bila ugoro, kikopo amekisahau juu ya paipu.

Sasa kiangazi kilikuwa kimeanza. Silanga imebaki matope pembeni na maji ya magotini katikati. Ndovu walionekana Alhamisi mbili kabla, wakapita mbali. Kila asubuhi Mghoi alipochukua debe nilimwambia aende na wenzake, warudi jua likiwa juu, wasiongee njiani. Anasema ndiyo mama. Hiyo "ndiyo mama" ya mtoto unaijua.

Siku yenyewe, moto juu ya mwamba ulikuwa mkubwa kuliko siku zote. Mkamburi alikuwa ameleta kuni za mti mgumu, zinawaka taratibu na hazina moshi. Jiwe lilikuwa limeanza kuwa jeupe pembeni. Tulikuwa tumejipanga, madebe yamejaa, tunangoja neno. Mwenyekiti amechuchumaa karibu na moto kiasi cha kuunguza nyusi, anasikiliza. Jiwe likiiva lina sauti yake, kama mtu anayesaga meno.

Akaja Mwadime, kaka ya Wakesho, anapanda mbio, hana pumzi.

"Ndovu wako silanga. Wasichana hawajarudi."

"Wasichana wa nani?" nikauliza, nami nilijua.

"Wote."

Mwenyekiti hakugeuka. "Wanaume wamekwenda?"

"Wamekwenda, na madebe ya kupiga. Askari wa wanyama ameitwa."

"Basi walioweza kwenda wamekwenda. Shikeni madebe. Jiwe liko tayari."

Niliweka langu chini. Akanikamata mkono, hapa, juu ya kiwiko, na alikuwa na mkono mgumu.

"Mama Mghoi. Kutoka hapa mpaka silanga jua litakuwa limeshuka. Utafika ukute yamekwisha, ama hivi ama vile. Hapo chini huna la kufanya. Hapa unalo."

"Niache."

"Ukikimbia ni miguu tu inayokimbia. Mwaga maji, halafu twende wote."

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika. Nikajinasua. Nikashuka ule mlima kwa makalio na kwa magoti, nilianguka mara nyingi, kiatu kimoja sikukiona tena. Nikiwa nusu ya njia nilisikia mlio nyuma yangu, mkubwa, pa! kama bunduki. Nikadhani askari wa wanyama amefyatua. Nikadhani kama amefyatua basi kuna mtu ameshakanyagwa. Sikufikiria mwamba hata kidogo. Tangu pale mpaka chini nilikuwa nimeshamzika mwanangu na kumfukua na kumzika tena.

Nilipofika silanga, wanaume walikuwa wamechoka kupiga madebe. Ndovu walikuwa wanakunywa kana kwamba wanapigiwa ngoma ya harusi. Wasichana walikuwa juu ya jabali dogo upande wa pili, wote, wamebanana kama kuku. Mbio zangu hazikufukuza ndovu hata mmoja. Nilisimama tu na kiatu kimoja, sina hata debe la kupiga, mpaka wale wanyama waliposhiba wakaondoka kwa wakati wao. Ndipo Mghoi akashuka.

Jioni wenzangu waliteremka mlimani wanaimba. Mwamba ulikuwa umepasuka katikati, ufa wa kuingiza mtu. Mlio ule ulikuwa ni huo. Mwenyekiti alinikuta mlangoni, akatazama nyuma yangu akamwona mtoto, akasema mbele ya Mkamburi na mbele ya wote, "Afadhali. Na jiwe limepasuka bila debe lako."

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile lilinikaa kooni. Masika yaliyofuata maji yalifika karibu na kanisa. Wakesho aliimba, chifu alifungua mfereji, mimi nilikinga debe langu kama wengine, na Mwenyekiti hatukusalimiana. Tulisalimiana baadaye, kwenye matanga niliyoyataja. Lakini jambo lile hatukulizungumza. Mghoi hakwenda silanga tena, wala msichana mwingine. Hilo lilikuwa kazi yake, na nililijua, na ndilo lililoniuma zaidi: kwamba alikuwa amesema kweli.

Miaka ilipita. Mghoi akaolewa Mwatate. Mwenyekiti akafiwa na Mzee Mwakio, akaanza kuumwa, mwanawe akamchukua Voi, mtaa wa Sofia. Nilikwenda kumwona. Nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo, na mkaza mwana wake anaingia na kutoka: chai, mto, dirisha afungue, dirisha afunge.

"Mwanangu," akamwambia, "keti hata kidogo. Unanichosha na mimi nimelala."

Yule msichana akaketi dakika, akasikia sufuria, akaondoka. Tukacheka wote wawili.

Halafu akasema, "Mama Mghoi, siku ile ya mwamba."

Nikasema, "Wacha. Ni zamani."

"Sijaacha. Nimelala hapa, sina kingine cha kufanya ila kufikiri. Nilikushika mkono nikakwambia huna la kufanya kule. Unajua mimi mwenyewe nilikuwa nataka kukimbia? Niliona ukiondoka wewe wataondoka wote, na mimi mbele yao, na sitaweza kuwapandisha tena. Nilikuwa naogopa. Nikaifanya hofu yangu ikawa maneno ya hekima."

"Ulisema kweli, lakini. Nilifika sikufanya kitu."

"Ndiyo maana nataka kukuuliza. Mtoto aliposhuka kule jabalini, alisemaje?"

"Hakusema kitu. Alishika leso yangu, hapa pembeni. Tukarudi nyumbani ameishika. Nikawasha moto ameishika, nikakamua ng'ombe ameishika. Hakuiachilia mpaka usingizi ulipomchukua, na hapo pia nilimtoa kidole kimoja kimoja."

Mkaza mwana akaingia na chai, akaiweka, akatoka.

"Na bado anakumbuka?"

"Mwaka jana alimwambia mwanawe, mbele yangu. Hakuzungumza habari za ndovu. Alisema, nyanya yako alikuja na kiatu kimoja."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani amelala. Nilipoinuka kuaga, akasema bila kugeuka, "Basi kulikuwa na kazi mbili siku ile, na mimi niliona moja."

Alikufa mwanzoni mwa masika. Sikuwahi kwenda mazishi, barabara ilikuwa imekatika.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Wakesho yuko hai, Malemba yuko hai, Mwadime nasikia yuko kwa mtoto wake Taveta. Kama kuni zile hazikuletwa na Mkamburi, kama paipu zilishushwa pengine si Maungu, kama aliyelia ni Malemba wala si Saru, nawaomba mniambie, nitarekebisha, kichwa cha mzee kina matundu. Lakini lile la leso msinirekebishe. Usiku ule nilipovitoa vidole vyake hapakuwa na mwingine, ni mimi na Mghoi tu.